Mwalimu Waliyemlimia

Walipokuja kumchukua Mwelu, hawakuuliza alama zake za mtihani. Alikuwa nazo, na zilitosha. Alizitafuta kwa taa ya kibatari, huku baba yake akizunguka shamba na kipande cha bati akikigonga, tembo wa msitu wa Shimba Hills wasije wakamaliza mahindi. Lakini Mwalimu Rai, kocha wa voliboli wa Chuo cha Ualimu cha Mikoroshoni, alishuka kwenye lori la chuo, akaingia uani, akamwambia binti asimame wima na anyooshe mikono juu. Akatazama vidole vilipofika kwenye ukingo wa paa. Akatabasamu kama mtu aliyepata ng'ombe mzuri mnadani.

Kisha ndipo alipomgeukia mama mtu, Kavindu, na kumwamkia kwa adabu zote za pwani. Alisema maneno mengi, na moja likabaki.

"Miaka miwili tu, mama. Chakula bure, kitanda bure, karo bure. Nachukua msichana, nakurudishia mwalimu."

Huo ulikuwa mwezi wa Januari 1995, na neno mwalimu katika kijiji cha Mitunguuni lilikuwa na uzito wa neno mvua. Kijiji chenyewe ni cha Wakamba waliopewa ardhi huku chini zamani, wakaja na mbegu zao na makanisa yao. Shule walijenga wenyewe kwa udongo. Walimu waliletwa na serikali, wakafika, wakaiona barabara ya Kombani ilivyo wakati wa masika, wakasikia tembo usiku wa kwanza, na wiki ya pili wakaomba uhamisho. Darasa la kwanza lilifundishwa na mwalimu mkuu pale alipopata nafasi kati ya la saba na la nane. Mara nyingi hakuipata.

Basi wanawake wakakaa kitako. Walikuwa na mwethya wao, kikundi cha kulimiana: leo wote kwa fulani, Jumamosi ijayo wote kwa mwingine, mstari mmoja, wimbo mmoja, na Mama Munee mbele na filimbi mdomoni. Katika mwethya hakuna fedha. Kazi ya mikono hulipwa kwa mikono, na anayekula jasho la wenzake asilirudishe, jina lake huharibika hadi kwa wajukuu. Mwelu alikuwa mmoja wa mstari ule. Akiondoka, nafasi yake ingebaki wazi, na shamba la mama yake lingepungukiwa.

Wakakubaliana hivi. Nafasi ya Mwelu wataiziba wao. Shamba la Kavindu litalimwa kana kwamba binti yupo. Tena watamjengea nyumba ya vyumba viwili kando ya shule, asije akapata sababu ya kuomba uhamisho kama wale wengine. Naye atarudisha kwa kufundisha. Hakuna aliyeandika. Mwethya hauandikwi.

Mikoroshoni ni huko chini, njia ya Msambweni. Mwelu alikwenda na sanduku la bati na moyo uliojaa kama mtungi. Aliamini kwamba mchezo ndio nauli na elimu ndiyo safari.

Ilichukua muhula mmoja kuona kwamba mambo ni kinyume. Alfajiri kulikuwa na mazoezi, na jioni mazoezi, na kati yake wachezaji waliketi benchi la nyuma darasani, miili imechoka, macho yanafumba yenyewe. Wakufunzi hawakuwauliza swali. Wengine waliwawekea alama ya kuwapo hata siku ambazo timu ilikuwa Voi au Garissa. Wanachuo wenzao waliwaita Darasa la Viganja. Akipita mchezaji na kitabu kwapani, atasikia mtu akimwuliza kama hicho nacho kinarushwa juu ya wavu.

Mwelu alisoma. Aliazima madaftari ya wenzake, akanakili. Alisoma kwenye lori, juu ya magunia ya mipira, ukurasa ukimrukaruka machoni. Nahodha wa timu, Kadzo, msichana wa Kinango mwenye mikono myepesi na maneno mepesi zaidi, alimtazama na kucheka.

"Soma, mdogo wangu, soma. Mimi hapa nimeshakuwa kama ule mkorosho wa langoni. Sikuja, nimepandwa."

Mwelu naye alicheka. Hakuuliza ni kwa nini mtu yuko mwaka wa tatu katika chuo cha miaka miwili.

Mwalimu hawi mwalimu kwa mtihani wa karatasi pekee. Sharti akafundishe shule halisi, na sharti mkaguzi kutoka nje ya chuo aketi nyuma ya darasa amtazame. Mwaka wake wa pili, 1996, Mwelu alipelekwa Bodo, shule ya watoto wa wavuvi kando ya mikoko. Alipewa darasa la nne. Siku ya kwanza akasema "hii kitabu", na darasa zima likamsahihisha kwa upole, hiki, mwalimu, hiki, kama wanaomfundisha mgeni njia ya msalani. Aliwapenda palepale. Jioni alikata picha kwenye magazeti ya zamani, akazibandika kwenye maboksi. Aliandaa masomo yake kwa mwandiko mzuri, akijua mkaguzi anakuja Alhamisi.

Jumatano asubuhi lori la chuo likasimama nje ya darasa. Michezo ya vyuo ilikuwa imeanza Mombasa, na Rai alitaka mkono wake. Mwelu alimweleza habari ya mkaguzi. Rai akamwambia asijali, mkaguzi ni mtu wake, atarudi wiki ijayo, neno lake ni neno. Darasa lilikuwa katikati ya hesabu ya kugawanya. Mwelu akaweka chaki chini, akapanda lori.

Wakashinda. Mkaguzi hakurudi. Wenzake walipomaliza Novemba na kwenda zao, yeye aliambiwa hajakamilisha, arudi Januari aanze mwaka wa pili upya.

Lakini kabla ya Novemba kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililomchoma kuliko yote. Wiki ya ushindi, Rai alilipamba lori kwa matawi ya minazi akalipitisha vijiji vya wachezaji wake, kombe limesimamishwa juu ya paa la dereva. Likapanda hadi Mitunguuni. Wanawake wa mwethya walikuwa shambani. Wakaona lori la chuo, wakasikia nyimbo, wakamwona binti yao amevikwa shada la maua na chombo kinachong'aa mkononi. Wao walijua sherehe moja tu ya chuo, nayo ni ya kumaliza. Mtu huondoka mnyonge, akarudi kwa vifijo. Wakatupa majembe wakamkimbilia. Wakamwita mwalimu. Mama Munee akatoa mbuzi wake, na Mwelu akazungushwa ndani ya ile nyumba ya vyumba viwili, kuta bado mbichi, alama za viganja vyao ukutani.

Mwelu alimtazama Rai, akimngoja aseme. Rai alikula nyama ya mbuzi. Akafuta mafuta vidoleni, akasimama, akasema binti yao amewaletea heshima, na kwamba miti mizuri hutoka katika udongo mzuri. Wakampigia makofi. Hakusema uongo hata mmoja. Na Mwelu, akiwa na mnofu mdomoni usiomezeka, naye hakusema kitu.

Baadaye alimweleza mama yake tu kwamba kumebaki kidogo. Kavindu akalibeba hilo kidogo peke yake. Kila Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika katika mstari na wa mwisho kuondoka, kama anayetaka mgongo wake utoshe kwa watu wawili. Mwaka 1997 mambo yakawa yaleyale: michezo, lori, mkaguzi aliyekuja na kuondoka. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule zikabomoa ukuta mmoja wa nyumba ya mwalimu. Wanawake wakaukandika upya, kimya. Hakuna aliyemwuliza Kavindu neno.

Mwaka 1998, Julai, siku za ukaguzi zilipotangazwa, Mwelu aliona kwamba siku yake, Bodo kama mwanzo, imeangukia tena katika juma la michezo. Safari hii Mikoroshoni wenyewe ndio waliokuwa wenyeji. Alikwenda kwa Bi Rispah, mkufunzi wa hesabu, kuomba abadilishiwe na mtu. Bi Rispah akafunga mlango.

"Siku hizo hazipangwi na Mungu, Mwelu. Anazipanga Rai."

Akamweleza taratibu, kama anayefundisha hesabu kwa mara ya kwanza. Sheria ya michezo yasema anayecheza lazima awe mwanachuo. Anayehitimu si mwanachuo tena. Mchezaji mzuri akifaulu, timu imempoteza. Rai alikuwa mkuu wa michezo, na mkuu wa chuo akampa pia kazi ya kuwapanga wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha, kwa kuwa ndiye mwenye lori. Hakuhitaji kumfelisha mtu. Alihitaji kumpangia siku. Tangu Bi Rispah afike chuoni, mchezaji mmoja tu wa timu ile alikuwa amepata cheti cha ualimu, na huyo alivunjika goti muhula wa kwanza.

Mwelu aliuliza kama mkuu wa chuo anajua. Bi Rispah akasema mkuu wa chuo ana kabati la kioo lenye makombe, na kila mgeni akija huanza kuonyeshwa kabati. "Na mimi nina watoto," akaongeza, "kwa hiyo nimenyamaza. Nakwambia ili usinisifu."

Mwelu alimkuta Kadzo bombani, anafua jezi za timu nzima. Akamwuliza kama alijua.

"Nilijua mwaka wa nne."

"Ukaninyamazia?"

Kadzo aliikamua jezi hadi ikatoa povu la mwisho. "Ningekwambia nini? Kwetu mifugo ilikuwa inakufa kwa ukame, hapa nakula wali. Kisha mtu akikuita kepteni asubuhi na jioni, unazoea. Unadhani ni kazi." Akaitundika kambani. "Sasa niko mwaka wa sita. Nikienda kwa mama nimpelekee nini, kombe? Kombe lenyewe limefungiwa kabatini."

Hakucheka. Mwelu alitambua kwamba ni mara ya kwanza kumsikia Kadzo akizungumza bila kucheka.

Jumamosi akapanda Mitunguuni bila ruhusa ya mtu. Mwethya ulikuwa kwa Mama Munee siku hiyo. Akawakuta mstarini, akasimama mbele yao juu ya matuta, akayasema yote: lori, mkaguzi, siku zilizopangwa, mbuzi. Alisema kwa sauti ya darasani, asijione akililia huruma. Alipomaliza, majembe yote yalikuwa yameegemezwa.

"Ulimla mbuzi wangu ukijua hujamaliza?" Mama Munee aliuliza.

"Nilijua."

"Ukatuacha tukandike ukuta."

"Niliona haya, mwaitu." Ndivyo Wakamba wamwitavyo mama.

"Haya." Mama Munee alitema mate pembeni. "Haya zako zimetula miaka. Shika jembe."

Mwelu akashika. Hakuna aliyemsemesha mpaka jua likawa utosini. Walipoketi kula, wengi walikuwa wanataka aondolewe katika mwethya, na walisema hivyo mbele yake na mbele ya mama yake. Kavindu alikuwa akimenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu amekula, sikatai. Lakini yule mwanamume amekula zaidi. Mikono yenu ndiyo iliyolima ili yeye apate mkono wa kupiga mpira wake. Mwanangu mmemweka mstarini. Yeye yuko wapi?"

Kisha Mama Munee akauliza, polepole, "Ana shamba, huyo Rai?"

"Hana shamba," Mwelu akajibu. "Ana uwanja."

Kuna ada ya zamani katika mwethya, haitumiki sana kwa kuwa aibu hutangulia kufanya kazi yake. Mtu akila asirudishe, kikundi humwendea siku inayomuuma, kikalima kile anachokipenda. Akiwa na malisho, malisho hulimwa. Akiwa na kiwanja cha kucheza ngoma, hulimwa.

Jumanne wakapanda lori la jirani yao Kivuva, lile lipelekalo machungwa soko la Kombani, wakiwa na majembe na debe la mbegu za kunde. Walifika Mikoroshoni asubuhi, timu za wageni zikiwa bado njiani. Bawabu, Charo, aliwaona wanawake wazima na majembe, akadhani wameitwa kufyeka nyasi kwa ajili ya wageni. Akawafungulia lango na kuwatakia kazi njema.

Uwanja ulikuwa umechorwa chokaa nyeupe, wavu umekazwa. Mama Munee akawapanga kwenye mstari wa nyuma. Akapuliza filimbi, wimbo ukaanza, na majembe yakashuka pamoja. Ardhi ile ilikuwa imekanyagwa miaka na miaka, ngumu kama sakafu. Jembe la kwanza liliruka. La pili likaingia. Walilima kama wanavyolima kwao, bila haraka na bila kusimama, na kila tuta lilipoinuka mwanamke mmoja alifuata nyuma akidondosha kunde na kufukia kwa unyayo.

Rai alikuja mbio, viatu vya michezo havijafungwa kamba. Kwanza aliuliza ni nani aliyewaita. Kisha akamwona Mwelu katikati ya mstari, akaelewa.

"Nyinyi wabara hamshibi ardhi? Mmelima kule juu, sasa mmekuja kulima hadi viwanja vya watu?"

Neno hilo, na mwaka haujatimia tangu fujo za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, halikuwa neno dogo. Walikuwapo pale waliolala msituni na watoto kwa sababu yake. Wimbo ukakatika.

Aliyejibu hakuwa wa bara. Kadzo alikuwa ametoka bwenini na timu nyuma yake, wamevaa jezi tayari. Alitembea hadi pale pembeni pa uwanja alipozoea kusimama kuanzisha mpira, akamwomba mwanamke mmoja jembe lake kwa heshima, akaanza kupachimba.

"Mimi ni wa hapahapa, Mwalimu Rai," akasema, akiwa ameinama. "Mzaliwa wa Kinango. Nimekuchezea miaka sita. Niambie na mimi kwetu ni wapi."

Malori ya wageni yalikuwa yanaingia langoni. Wasichana wa vyuo vingine walisimama juu ya malori wakashangaa. Mkuu wa chuo akaja na tai yake, akitabasamu kwa wageni na kutoa jasho kwa wanawake, akauliza wanataka nini, wataje chochote. Labda alidhani watataja fidia. Mama Munee alimwamkia vizuri, akamwambia hawataki chochote cha chuo. Walitoa msichana, waliahidiwa mwalimu, na sasa wamekuja kumchukua. Na kama hayuko tayari, wao wana mbegu za kutosha, na uwanja wa mpira wa miguu wameuona pale nyuma.

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyofika Bodo Alhamisi ile. Mwelu alifundisha hesabu ya kugawanya. Michezo ilichezwa kwenye uwanja wa mpira wa miguu, wavu umefungwa kwenye miti ya kukatwa, na Mikoroshoni wakatolewa siku ya kwanza. Novemba Mwelu akafanya mtihani wa karatasi, akafaulu vizuri.

Kadzo hakufanya. Wiki mbili baada ya kulima uwanja, chuo kilikumbuka ghafla kwamba kina sheria, mwanachuo asizidi miaka minne. Walikuwa wameisahau kwa ajili ya makombe. Alipewa nauli hadi Kinango. Hakupewa barua, wala asante. Rai alibaki kazini. Alinyang'anywa kazi ya kupanga siku, ikapewa mtu mwingine mwenye kupenda kombe vilevile.

Na Mwelu alipokipata cheti chake, serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu. Wale walioanza naye chuo mwaka 1995 walishapewa shule, walishaanza kulipwa. Yeye aliukuta mlango umefungwa, na miaka miwili iliyomchelewesha imekaa katika kabati la kioo, inapigwa vumbi. Watu walimwambia amshukuru Mungu. Alimshukuru Mungu. Hakuona la kumshukuru mwingine.

Januari 1999 aliingia katika nyumba ya vyumba viwili. Mwethya uliamua hivi: serikali ikija, ije, isipokuja, wao watamlimia, naye afundishe. Kavindu alirudi katikati ya mstari, mahali pa watu wote.

Siku ya kwanza mwalimu mkuu alimpa darasa la tatu. Mwelu aliwahesabu kwa macho, akajua umri wao. Hawa ndio waliokuwa waingie darasa la kwanza pamoja naye, mwaka alioahidiwa kurudi. Aliandika sentensi ubaoni, akamwita msichana mrefu wa dirishani asome. Msichana akasimama, akafunga mikono nyuma, akasoma kwa sauti safi, bila kukwama, habari za sungura na fisi. Ubaoni hapakuwa na sungura wala fisi. Alikuwa amekariri ukurasa mmoja wa kitabu kwa miaka miwili, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kugundua.

Mwelu alimwambia aketi, amesoma kwa sauti nzuri. Akauliza wangapi wanaweza kusoma kilichoandikwa. Darasa likatazama madawati.

Alikumbuka makombe, na vigelegele vya Mombasa, na mkono wake ukipanda juu ya wavu, watu wakiliita jina lake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ng'ambo ya wavu, waliokuwa wanafungwa, ni hawa.

Akageukia ubao. Akafuta sentensi yote. Akaandika herufi a, kubwa, akahamia pembeni ili wote waione.